Tezi, Omo na Ngama: Mwili wa Chombo na Hatima ya Msamiati Wake

IKISIRI

Methali nyingi za Kiswahili zimechimbuka baharini, ilhali darasani aghalabu hufunzwa kana kwamba zimechimbuka kamusini. Makala haya yanaeleza misingi ya vyombo vidogo vya pwani ya Waswahili, yaani mali vinakoundiwa, umbo lake na namna vinavyokarabatiwa, kwa nia ya kuonyesha kwamba maana ya msamiati wa baharini haikamiliki pasipo kuujua ufundi wenyewe. Aidha, makala yanajadili athari ya mali mpya, hasa faiba na plastiki, kwa msamiati huo. Hoja inayojengwa ni kuwa maneno ya chombo hayafi kwa mkupuo: yale ya umbo hudumu, yale ya kuunga na kutunza ndiyo hutangulia kuzama.

1.0 UTANGULIZI

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokutana na methali "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani", hatua yake ya kwanza huwa ni kufungua kamusi. Huko hupata kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo. Kisha huandika kwamba methali hii yafunza kuwa mtu hata akizunguka vipi hurudi alikotoka. Jibu hilo si kosa. Hata hivyo, limeacha swali moja bila kuguswa: kwa nini ngamani? Mbona wahenga hawakusema marejeo ni mlingotini, au usukanini?

Swali hili haliwezi kujibiwa na kamusi peke yake. Hujibiwa na anayejua jinsi chombo kilivyoumbwa, maji huingilia wapi na hukusanyika wapi. Ndiyo maana makala haya yanaanzia ufuoni. Yatatazama mali ya kuundia, yaani mata ambayo fundi huitwaa ili kufanya chombo, kisha umbo, kisha ukarabati. Katika kila hatua maneno yatawekwa mahali pake pa kazi, halafu ndipo yatakapoulizwa kuhusu fasihi.

Mifano imetolewa hasa katika mtumbwi, ngalawa na mtepe. Mtumbwi ni chombo kilichochongwa katika gogo moja. Ngalawa ni mtumbwi uliotiwa matengo, yaani mbao zinazoelea pembeni, na aghalabu hutweka tanga. Mtepe ni chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ambacho zamani kilipatikana zaidi katika visiwa vya Lamu na sehemu za Wabajuni. Ikumbukwe pia kwamba majina ya sehemu za chombo hutofautiana kutoka Kiamu hadi Kimvita, na kutoka Kivumba hadi Kipemba. Yaliyotumiwa hapa ni yale yaliyoenea.

2.0 MALI YA KUUNDIA

2.1 Gogo moja

Mti unaopendwa sana kwa mtumbwi na ngalawa katika pwani ya Kenya na Tanzania ni mwembe. Asili ya mwembe ni Asia, lakini umezoeleka katika mashamba ya pwani kwa karne nyingi. Shina lake huwa nene, mti wake si mzito kupita kiasi, na hukubali tezo bila ukaidi. Tezo ni chombo cha seremala chenye bapa la kukingamana na mpini, na ndiyo hasa kalamu ya fundi wa mitumbwi. Msufi nao hutumika kwa kuwa ni mwepesi zaidi, ingawa wepesi huo una gharama yake: mti mwepesi hunywa maji upesi na huoza upesi. Hata mwembe wenyewe si mti sugu. Bila ya kupakwa na kuanikwa, huliwa na kuvu na wadudu.

Kazi huanza kwa kuchonga umbo la nje, kisha gogo hupinduliwa na kukombwa ndani. Fundi hatoi unene sawa kila mahali. Kitako huachwa kinene kwa sababu ndicho kinachoburutwa mchangani na kugongwa na mawe, ilhali mbavu hupunguzwa ili kuondoa uzito. Kosa la tezo hapa halifutiki. Mwandishi akikosea mstari huandika mwingine, lakini fundi akichimba kupita kiasi ameshatoboa ubavu wa mtumbwi wake.

Adui wa kwanza wa gogo lililochongwa si maji bali ni jua. Mti unapokauka husinyaa, tena husinyaa zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu wa nyuzi zake. Ncha za gogo hukauka kabla ya katikati, na hapo ndipo nyufa huanzia. Kwa hiyo mtumbwi mpya huwekwa kivulini, hufunikwa makuti na kupakwa mafuta ili ukauke polepole.

2.2 Mbao zilizoshonwa

Gogo lina mpaka wake, kwani chombo hakiwezi kuwa kipana kuliko mti. Anayetaka kubeba shehena kubwa hana budi kuunga mbao, na hapo huzuka swali la kiungo. Katika pwani hii jibu la kale ni kushona. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ujulikanao kama Periplus, unataja vyombo vya kushonwa pamoja na mitumbwi ya gogo moja katika pwani ya Afrika Mashariki. Hata jina la mji wa Rhapta unaotajwa humo linahusishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya kushona.

Mtepe ulikuwa mrithi wa ufundi huo. Mbao zake zilipangwa ukingo kwa ukingo, zikashikizwa kwa vijiti vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa kwanza katika tope au mchanga wenye maji kwa muda mrefu hadi yalainike, kisha hupondwa na nyuzi zake kusokotwa. Tanga la mtepe lilikuwa la mkeka. Chombo hiki hakikuwa na msumari mmoja wa chuma katika mbao zake.

Yamkini msomaji wa leo ataona kushona kuwa ni dalili ya uhaba wa chuma tu. La hasha. Kiungo cha kamba hunyumbuka, kwa hivyo chombo kilichogonga mwamba au kilichovutwa ufuoni katika mawimbi kiliweza kupinda kidogo bila kuvunjika. Dosari yake ilikuwa kuvuja. Maji yaliingia bila kukoma, na mabaharia walikuwa na kazi ya kudumu ya kuyakumba. Zaidi ya hayo, kamba huoza, basi chombo kililazimika kushonwa upya kila baada ya muda. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 mafundi waliunda mwingine Zanzibar kwa ajili ya maonyesho katika Beit al-Ajaib.

2.3 Mbao zilizopigwa misumari

Katika mashua na jahazi, mbao hupigiliwa misumari kwenye mataruma. Taruma ni mti uliopinda unaosimama ndani ya chombo mfano wa ubavu wa mwili. Fundi huutafuta mti uliojipinda wenyewe, kwani mti uliopinda kwa kukua una nguvu kuliko uliokatwa kwa msumeno ukapoteza nyuzi zake. Mikoko ina hazina ya mapindo hayo, hasa mkomafi na mlilana. Mbao za ubavuni zaweza kutoka kwa mbambakofi, mtondoo au mwembe. Msumari huzungushiwa pamba iliyochovywa mafuta kabla ya kugongomewa, ili maji yasiufuate ndani.

Mwanaisimu na atue hapa kidogo. Mtumbwi huchongwa, mtepe hushonwa, jahazi huundwa. Vitenzi hivi vitatu si visawe, kwa kuwa kila kimoja kinataja namna ya kazi. Mwanafunzi anayeandika kwamba "mtumbwi ulishonwa" hajakosea sarufi, lakini amekosea bahari.

3.0 UMBO LA CHOMBO

3.1 Upana na mrama

Chombo chembamba hukata maji kwa wepesi lakini huyumba. Chombo kipana hutulia lakini huburuta maji. Kila umbo ni mapatano baina ya mambo haya mawili. Uzito wa jambo hili hudhihirika katika hesabu yake: vyombo viwili vya urefu mmoja vikilinganishwa, na kimoja kikiwa na upana mara 2 ya mwenzake, mchango wa upana huo katika kukirudisha chombo wima huwa takriban mara 8. Ndiyo sababu ongezeko dogo la upana huleta utulivu mkubwa.

Tatizo la mtumbwi ni lile lile la gogo: upana hauongezeki. Ngalawa ni jibu la werevu mkubwa kwa tatizo hilo. Badala ya kutafuta mti mnene zaidi, fundi hukingamisha miti miwili juu ya mtumbwi na kufunga tengo kila upande, mbali na ubavu. Chombo kikilala upande mmoja kwa nguvu ya upepo, tengo la upande huo husukumwa na maji juu, na lile la upande wa pili huvuta kwa uzito wake. Hivyo mtumbwi hubaki mwembamba na mwepesi, nao hupata utulivu wa chombo kipana. Watafiti wa vyombo vya kale, akiwamo James Hornell mwanzoni mwa karne ya 20, waliuhusisha ufundi huu na ule wa Indonesia uliopitia njia za Bahari Hindi.

Kuyumba huko ndiko kunakoitwa mrama. Leo neno hili husikika mbali na maji: mkutano ulikwenda mrama, mipango ya harusi ilikwenda mrama. Wengi hudhani kuwa maana yake ni kuharibika. Lakini chombo kinachokwenda mrama hakijaharibika bado. Kingali kinaelea na kingali kinakwenda, ila kimepoteza utulivu na chaweza kupinduka. Ndipo methali "Manahodha wengi, chombo huenda mrama" inapopata ukali wake. Haisemi kwamba chombo kimezama. Inaonya wakati bado kuna nafasi ya kuokoa. Anayeifasiri kama methali ya maangamizi ameinyima tumaini lake.

3.2 Mkuku na joshi

Mkuku ni mti mrefu wa chini unaotoka omo hadi tezi, ambao chombo chote hujengwa juu yake. Kazi yake ni mbili: kukipa chombo uti wa mgongo, na kukizuia kisiteleze ubavu. Tanga linapopigwa na upepo wa pembeni, chombo husukumwa mbele na pia kando. Mkuku uliozama vyema hushika maji na kupunguza kule kwenda kando. Chombo chenye kitako cha duara na kisicho na mkuku wa maana hukosa mshiko huo. Kikijaribu kuuelekea upepo, husogea mbele hatua moja na kupeperushwa kando hatua mbili.

Kwenda joshi ni kusafiri kwa kuukabili upepo kadiri inavyowezekana. Methali "Dau la mnyonge haliendi joshi" mara nyingi huelezwa kwa unyonge wa mwenyewe tu: maskini hafanikiwi. Lakini wahenga hawakumtaja mnyonge peke yake, walitaja dau lake. Dau ni chombo kidogo, na dau la mnyonge ndilo lenye mkuku uliolika, tanga lenye viraka na kamba zilizochoka. Nahodha wake aweza kuwa stadi kuliko wote, na bado chombo kikamgomea. Kwa hiyo methali hii haimsemi mtu kwa uvivu wala ujinga. Yasema kwamba baadhi ya watu wamepewa vyombo visivyoweza kwenda wanakotaka kwenda. Hiyo ni hoja kuhusu jamii, na haionekani mpaka msomaji aelewe mkuku ni kitu gani.

3.3 Ngama

Sasa swali la utangulizi laweza kujibiwa. Chombo hupinda kuelekea chini, na pahali pa chini kabisa ndani yake ni ngama. Maji yakiingilia tezi hutiririka hadi ngamani. Yakiingilia omo, vivyo hivyo. Mawimbi yarukayo ubavuni, mvua, hata matone ya nyavu, yote hukutana hapo. Baharia naye hufuata maji, kwani atembee chomboni apendavyo, wajibu wa kushika upo na kuyakumba maji utamrudisha ngamani.

Basi ngama si alama ya nyumbani tu. Ni pahali pa hesabu, ambapo kila kilichopenya kwa siri hujikusanya na kuonekana. Maana ya methali kwamba mtu hurejea alikotoka inabaki, lakini sasa imeongezwa uzito: hurejea mahali ambapo kasoro zake zote zinamngoja.

4.0 UKARABATI

4.1 Wakati na mahali

Ukarabati wa chombo hufuata kalenda ya pepo na maji. Kusi huvuma kwa ukali zaidi kati ya Juni na Julai, na kwa kuwa bahari huchafuka, vyombo vingi hupandishwa ufuoni. Upandishaji hufanywa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yakijaa, chombo huelezwa hadi juu ya ufuo, na yakipwa, hubaki pakavu. Husimamishwa kwa gadi, ambazo ni miti ya kukiegemeza kisilale ubavu.

4.2 Kukagua

Fundi mzuri huanza kwa sikio. Hugonga ubavu kwa nyundo ya mti, akisikiliza sauti kavu ya mti mzima na sauti nzito ya mti uliooza. Palipotiliwa shaka hudungwa kwa ncha ya kisu, na kisu kikizama bila upinzani, mti umekwisha. Kuna kiumbe wa baharini wa jamii ya chaza, mwenye umbo la mnyoo, ambaye hutoboa mbao akiwa mdogo na kunenepa humo humo. Kwa nje huacha kitundu mfano wa ncha ya pini, na kwa ndani mbao huwa imegeuka sega. Kwa hiyo udogo wa tundu haumpumbazi fundi.

Kuhusu uvujaji, kanuni imekwisha kudokezwa: maji huonekana ngamani, lakini hayakuingilia ngamani. Njia nyepesi ya kupata mlango wake ni kutia maji ndani ya chombo kikiwa kikavu ufuoni, na kutazama yanapotokea nje.

4.3 Kuziba

Ufa huzibwa kwa kalafati. Nyuzi za pamba huchovywa katika mafuta, husokotwa, kisha husukumwa ndani ya ufa au katika kiungo cha mbao kwa patasi butu na nyundo. Kiasi ndicho siri ya kazi hii. Mbao kavu ikirudi majini hunywa maji na kuvimba. Pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi haina pa kwenda, hivyo huzisukuma mbao na kupanua ufa uliokusudiwa kuzibwa. Ufa mrefu katika gogo huhitaji hatua moja ya ziada: kutobolewa kitundu kidogo pale unapoishia, ili nguvu inayoupasua isambae na ufa usiendelee.

Tundu au sehemu iliyooza huhitaji kiraka. Kwanza hukatwa kila kilichooza mpaka mti mzima uonekane, maana kiraka kilichopigiliwa juu ya uozo kimeficha ugonjwa, hakijautibu. Kisha huchongwa kipande cha mti wa aina ile ile, nyuzi zake zikielekea kule kule zinakoelekea za chombo. Iwapo zitakingamana, kiraka na chombo vitavimba na kusinyaa kwa njia tofauti, na misumari italegea. Wavuvi wenye haraka hupiga bati na lami. Kiraka cha namna hiyo chafaa kumfikisha mtu nyumbani, si kumrudisha kazini mwaka mzima.

4.4 Kupaka

Kabla ya kupaka, chombo hukwanguliwa viumbe vilivyogandamana, na kitako hupitishiwa moto wa makuti makavu ili kuua waliojificha. Sehemu ya chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ambao huwafukuza wadudu na kukipa chombo ule weupe wa kitako unaofahamika. Sehemu ya juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa au samaki wengine, ili mti usikauke na kupasuka.

Tazama mtego uliomo katika istilahi hizi. Mwanafunzi asiyejua ufuo akisoma kwamba chombo "kimepakwa sifa" ataandika insha nzima juu ya majivuno. Akisikia "lete upo" atatafuta kitenzi. Akisoma kwamba jahazi "limetiwa gadi" atafikiria bawabu. Homonimu hizi ni ithibati kwamba muktadha wa kazi ni sehemu ya maana, wala si pambo lake.

5.0 MALI MPYA NA HATIMA YA MSAMIATI

Katika miongo ya karibuni mti umepata washindani. Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa rezini, ambayo huganda kwa kuchanganywa na kemikali nyingine. Haiozi na hailiwi na wadudu. Wakati huo huo, magogo manene yameadimika, na mnamo Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Mvuvi anayechagua faiba hana kosa, amefanya hesabu yake.

Faiba nayo ina masharti yake. Ufa wake husagwa pande zote hadi uwe na mteremko mpana, kisha hujazwa tabaka juu ya tabaka, kila moja likizidi la awali kwa upana. Pahali pa kazi sharti pawe pakavu. Hatari kubwa huwapata wanaoifunika ngalawa kuukuu kwa faiba huku mti ungali na unyevu. Rezini haishiki vyema, maji hunaswa baina ya faiba na mti, na mti huoza gizani ilhali nje pamenawiri.

Mfano wa pili ni plastiki. Mwaka 2018 kulishushwa majini huko Lamu jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa takriban mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyotumika na kutupwa, na ubavu wake kupambwa kwa rangi za ndara zilizookotwa. Kazi iliongozwa na fundi Ali Skanda wa Lamu. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Victoria.

Ulinganisho wa mifano hii miwili una funzo kubwa kwa mwanaisimu. Kwa mtazamo wa mali, plastiki iko mbali na mti sawa na ilivyo faiba. Lakini Flipflopi iliundwa kipande kwa kipande, kwa mkuku na mataruma, mikononi mwa waundaji wa majahazi. Chombo cha faiba hutandazwa katika kalibu na kutoka kikiwa kizima. Katika kazi ya kwanza maneno ya fundi yalipata kazi mpya. Katika ya pili mengi hayana pa kushika. Basi neno hufuata ufundi zaidi ya linavyofuata mali.

Kutokana na hayo, msamiati wa chombo waweza kugawanywa katika makundi matatu yenye hatima tofauti. La kwanza ni la umbo: omo, tezi, ngama, ubavu. Hili litadumu, maadamu hata chombo cha faiba kina mbele, nyuma na chini. La pili ni la kuunga: taruma, kalafati, usumba. Hili hutegemea kuwapo kwa viungo, na chombo kisicho na kiungo hakilihitaji. La tatu ni la matunzo: deheni, sifa, gadi. Hili ndilo dhaifu kuliko yote, kwa kuwa hukaa katika kazi za msimu ambazo hakuna anayeziandika, na rangi ya mkebe yatosha kuliondoa.

Yapo pia maneno ya mwendo kama joshi, ambayo adui yake ni injini. Leo dau la mnyonge lililofungwa injini huenda joshi bila taabu, na kinacholizuia ni bei ya petroli. Methali haijafa, ila imehama kutoka upepo hadi mfuko, na mwalimu atakayeifunza hana budi kuzieleza pande zote mbili.

6.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mali, umbo na ukarabati wa chombo si mambo ya mafundi pekee. Ndiyo msingi wa tamathali ambazo Kiswahili kimejengea hekima yake. Si ajabu kwamba mshairi kama Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyewahi kuwa mvuvi na baharia, aliandika bahari kwa uhakika ambao mwanafunzi wa bara huuonea tabu. Alilijua neno kwa kiganja kabla ya kulijua kwa kalamu.

Yanayopendekezwa ni machache na yanawezekana. Kwanza, ukusanyaji wa istilahi ufanywe ufuoni wakati wa kusi, vyombo vikiwa juu ya gadi na mafundi wakiwa kazini, badala ya kuwahoji wakiwa wamekaa. Pili, mkusanyaji asiulize "kitu hiki chaitwaje?" pekee. Aulize pia "hufanywaje?", na aandike kitenzi kinachoandamana na kila nomino, kwani nomino bila kitenzi chake ni mtumbwi bila kafi. Tatu, tofauti za lahaja zihifadhiwe zilivyo, zisisawazishwe mezani. Nne, kundi la matunzo litangulizwe, kwa sababu ndilo linalotoweka kwanza.

Wazee wanaojua kiasi cha pamba kinachotosha ufa, na sauti ya mbao iliyooza, hawatakuwapo daima. Maneno yao yanavuja polepole, na uvujaji wa polepole ndio usiotambuliwa mpaka maji yawe magotini. Fundi hutafuta mlango wa maji chombo kikiwa ufuoni. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wangali na nafasi hiyo.